Amri ya kukaa mbali mbali ikirudi: jinsi ya kuendesha duka la mtaani bila kujaza watu mlangoni

Hii nawaandikia wenye maduka ya mtaani. Supamaketi kubwa zina mameneja na walinzi wa kuwapangia foleni, sisi wa duka la rejareja, kibanda cha mboga na mini-supamaketi ya chini ya fleti hatuna, 2020 tulijifunzia hapo hapo kwenye kaunta. Corona watu washaisahau, barakoa ziko kwenye droo pamoja na chaja mbovu, lakini magonjwa yenyewe yangali yanazunguka. Uganda walifungia Mubende na Kassanda 2022 kwa ajili ya Ebola, Marburg ikatokea Kagera, Tanzania, 2023 na ikarudi 2025, katikati hapo ikapita Rwanda 2024, na mwaka huo huo mpox ikavuka mipaka hadi WHO ikatangaza dharura. Siku moja utafungua redio usikie mtu wa wizara anasema kuanzia leo watu wakae mbali mbali, na wewe una kaduka kadogo na watu wanataka sukari.

Mimi niko Mombasa kwa hivyo mifano mingi ni ya huku Kenya. Na msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeutaka asipoteze bando: shida kubwa ya duka wakati wa mlipuko ni dakika, mita zinakuja baadaye. Kila mtu 2020 alikimbilia kuchora mistari ya chaki, mita moja unusu, mita moja unusu, na mistari ilikuwa mizuri kweli, lakini mteja akikaa dukani dakika saba huku nyuma yake watu wanazidi kufika, hiyo chaki itakanyagwa tu hata uichore kwa rangi ya barabara.

Elewa kwanza kwa nini watu hujazana

Tarehe 27 Machi 2020 ndiyo kafyu ya kwanza ilianza Kenya, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Huku kwetu mchana ule watu walitoka kazini mapema wakimiminika feri ya Likoni, kila mtu anakimbizana na saa, pale kivukoni wakashonana, halafu polisi wakaingia na virungu na vitoa machozi, watu wakawa wanakohoa na kulia kwenye umati huo huo uliokuwa ukikatazwa. Amri ya kuwatenganisha watu ndiyo iliyowakusanya. Nailaumu saa yenyewe hapa, maana idadi ya wavukaji ilikuwa ile ile ya kila siku, waliopunguziwa ni muda.

Sasa lete hesabu hiyo dukani kwako. Kama ulikuwa ukifungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku, hayo ni masaa 16. Kafyu ikiwa saa moja na kijana wako wa dukani anaishi ng'ambo ya feri, itabidi ufunge saa kumi na moja jioni afike kwao salama, yamebaki masaa 11. Wateja ni wale wale, midomo ni ile ile, ila sasa wanabanwa kwenye masaa 11, maana yake kila saa inabeba karibu nusu zaidi ya zamani. Na hawaji sawasawa kutwa nzima. Kibarua analipwa jioni, hana pesa ya unga saa nne asubuhi hata ukimbandikia tangazo la Kiswahili sanifu mlangoni, atakuja akishalipwa na hiyo ni saa kumi, saa kumi na moja, pamoja na wenzake wote wa mjengo.

Ndiyo maana ule ushauri wa "nunua vitu vya wiki mbili mara moja" uliotoka nchi za watu wenye mishahara na friji kubwa, huku haukushika. Mtu anayepata leo kula leo hanunui vya wiki mbili. Ananunua mafuta ya kupima ya leo, sukari robo ya leo, na kesho anarudi. Duka la mtaani limejengwa juu ya kurudi huko, kwa hivyo usipoteze nguvu kumwambia mteja aje mara chache, shughulika na muda anaokaa kila akija.

Pima duka, halafu pima dakika

Chukua tepu. Pima sakafu ya kukanyaga tu, toa kaunta, rafu, friji na yale magunia ya mchele. Duka la mita 4 kwa 6 ni mita 24 za mraba, ukishatoa vitu inabaki kama nusu, sema 12. Ukimpa kila mtu mita 4 za mraba, ambazo zinatosha kusimama bila kugusana mabega, hapo wanaingia watu watatu. Na mmoja wao ni wewe, wengi hujisahau. Kwa hivyo wateja wawili ndani. (Wajerumani walipobana mwisho wa 2020 waliweka mteja mmoja kwa kila mita 10 za mraba, ukitumia hesabu yao maduka mengi ya Kisauni hapa Mombasa yangeingia mtu mmoja na kivuli chake.)

Sasa wateja wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akikaa dakika tano, umehudumia watu 24 kwa saa. Akikaa dakika tatu, 40. Akikaa dakika mbili, 60. Sakafu haijaongezeka hata inchi moja na umezidisha watu zaidi ya mara mbili. Hii ndiyo hesabu ninayotaka ukae nayo, iandike nyuma ya kalenda kama unaweza, sababu yote yanayofuata ni kuipigania.

Simama pembeni saa ya jioni na simu yako, piga saa kwa wateja wachache tu uone dakika zinapotelea wapi. Karibu kila duka huku Pwani zinapotelea sehemu zile zile: kupima (mafuta, sukari, mchele, maharage), kutafuta chenji, kuuliza bei na kubadilisha mawazo, na nazi. Nazi bwana! Mtu anataka nazi mbili zikunwe, umeenda kwenye mashine, umezivunja, umekuna, umefunga kwenye mfuko, na wote waliobaki wamesimama wanakutazama. Wakati wa mlipuko nazi haikunwi mteja akisubiri. Atataja jina lake asubuhi au atatuma ujumbe, nazi zinakunwa kwa mafungu, akija inamngoja kwenye friji na jina lake limeandikwa kwa kalamu juu ya mfuko.

Kupima vivyo hivyo. Jioni baada ya kufunga, au alfajiri kabla ya kufungua, kaa na mizani mfunge sukari za robo na nusu, mchele wa nusu na wa kilo, maharage, majani chai ya bei ndogo, mafuta kwenye chupa zilizooshwa vizuri kwa vipimo vinavyouzika kwako. Usifunge kwa kukisia, angalia daftari lako la mauzo uone watu wa mtaa wako hununua kiasi gani, maana kuna mitaa robo ndiyo mfalme na kuna mitaa robo inakaa mpaka inaingia sisimizi. Kazi ya saa mbili ya kufunga inakuokolea foleni ya jioni nzima. Bei nazo ziandike kubwa ubaoni nje, zisomwe na mtu aliyesimama barabarani, aamue huko huko kabla hajafika kwako.

Na weka "mafungu ya jioni": unga kilo mbili, mafuta kidogo, vitunguu, nyanya, chumvi, kwa bei moja ya mviringo isiyohitaji chenji. Mteja anasema tu "nipe la ugali" ama "nipe la chai". Kama una kibanda cha mboga, sukuma iliyokatwa tayari kwenye mifuko inafanya kazi hiyo hiyo.

Foleni ya nje

Hapa ndiyo chaki inapoingia sasa, ikiwa dakika umeshazipunguza. Ila Mombasa saa nane mchana ukimwambia mtu asimame kwenye alama yake juani, unajidanganya. Watu hufuata kivuli. Kama kivuli kiko upande mmoja wa ukuta, foleni ipange upande huo hata kama inapinda vibaya, na kama hakuna kivuli kabisa usilazimishe foleni ya watu, panga foleni ya vikapu. Kila mtu anaacha kikapu au mfuko wake kwenye alama, mwenyewe anakwenda kukaa chini ya mwembe wa jirani, kikapu kikisogea anasogea. Njia nyingine ni vifuniko vya soda vilivyoandikwa namba, anachukua kifuniko anakwenda zake. Kreti tupu za soda ni alama nzuri kuliko chaki, hazifutiki na mvua, na mzee akichoka anakalia.

Wazee, wajawazito na wenye watoto mgongoni wape saa yao asubuhi mapema, duka likiwa limekaa usiku kucha bila watu. Wengine hawataisikia hiyo saa na watakuja jioni kama walivyozoea, na wewe hutamfukuza bibi wa mtaa. Unamfuata alipo:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hizi kreti umetuwekea njiani za nini?"

"Foleni bibi, kwa ajili ya huu ugonjwa. Wewe keti hapa kwenye hii ya kwanza, nitajie unachotaka nikuletee, usiingie ndani."

"Mimi nataka kuzitazama nyanya kwa macho yangu."

Mletee nyanya azitazame. Kweli, chukua beseni zima umtolee nje achague, ni dakika moja, na wale walio nyuma wataona heshima iko palepale. Ukimpigia kelele utapoteza yeye, wajukuu zake na nusu ya mtaa.

Kama duka lako ni la dirisha, lile la grili ambalo mteja haingii kabisa, umeshapata bahati kubwa na huenda hujui. Mteja yuko kwenye hewa ya nje, wewe uko ndani. Tatizo lako ni kwamba dirisha ni moja na watu hulizunguka wote wakipitisha mikono kwa pamoja. Gawanya: upande mmoja wa kuagiza na kulipa, upande mwingine wa kuchukua mzigo, hata kama ni dirisha hilo hilo lenye kamba katikati.

Hewa, ndoo na kwanza uulize ni ugonjwa gani

Hili watu wengi walilikosea 2020 na siwalaumu, kulikuwa na giza. Tulifuta kaunta mpaka rangi ikatoka, noti zikaanikwa juani, huku mlango wa nyuma umefungwa kwa kuogopa wezi na feni inazungusha hewa ile ile. Baadaye taasisi ya CDC ya Marekani ikasema, Aprili 2021, kwamba uwezekano wa kupata corona kwa kugusa sehemu yenye virusi kwa kawaida ni chini ya 1 kwa 10,000 kila unapogusa. Hewa ndiyo ilikuwa njia yake kubwa. Ile plastiki ya kaunta inazuia mate ya mtu anayeongea usoni kwako, sawa, lakini ukilifungia duka lote hewa haipiti na umelipia fundi bure. Fungua mlango wa nyuma uweke grili, toa bango lililoziba dirisha, feni ielekee nje.

Lakini sio kila ugonjwa ni corona. Ebola na Marburg huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, kipindupindu kwa maji na chakula kichafu, mpox zaidi kwa kugusana ngozi. Kwa hivyo amri ikitoka uliza swali moja kabla ya kununua chochote: huu unaingiaje mwilini? Ukiwa wa hewa, pesa zako zende kwenye dirisha, barakoa na kupunguza dakika. Ukiwa wa kugusa au wa maji, ndoo yenye bomba na sabuni pale mlangoni ndiyo mwajiriwa wa kwanza, tena maji yawemo kweli. Tanzania 2020 hawakufungiwa ndani na masoko yaliendelea, ila ndoo za kunawia ziliwekwa kila mlango, na ile ni tabia ambayo ingefaa ibaki hata bila ugonjwa, sababu kipindupindu hakijawahi kutuomba ruhusa.

Pesa, deni na bei

Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya kutumiana M-Pesa mpaka shilingi 1,000, ikaenda hivyo mpaka mwisho wa mwaka, na Rwanda nao wakaondoa ada za kutuma kwa simu mwezi huo huo. Hii kwa duka ilikuwa nafuu kubwa na sababu yake ni ile ile ya dakika: mtu akilipa 187 kwa simu hakuna kutafuta shilingi tatu za chenji. Namba ya kulipia iandike kubwa pale kwenye foleni ili mtu alipe akiwa bado kwenye kreti yake, akifika dirishani anakuonyesha ujumbe na wewe unahakikisha kwenye simu YAKO, sio kwenye simu yake, maana ujumbe feki nao ulikuwa mlipuko. Ada zilirudi Januari 2021, na wateja wengi wa vitu vidogo wakarudi kwenye noti siku hiyo hiyo. Kwa hivyo usidhani tabia imebadilika, ilibadilika bei.

Deni sasa. Pwani hoteli zilifunga, wapishi, watu wa bustani, vijana wa ufukweni, wote wakaja kwenye daftari. Huwezi kusema hapana kwa mtu aliyekununulia miaka yote, na huwezi kusema ndiyo kwa wote, maana mwenye jumla wa kwako hataki hadithi anataka pesa. Njia iliyo na akili ni kuweka kiwango kimoja kwa kila nyumba, kiwango ambacho duka zima likikosa kulipwa bado unaweza kununua stoki ya wiki ijayo, na deni liwe la chakula tu: unga, mafuta, chumvi, maharage, sabuni ya mche. Soda, sigara na kredi ya simu ni taslimu. Andika mbele yake, asome, aweke saini au akutumie ujumbe wa kukubali. Ile karatasi ya "kukopa harusi kulipa matanga" uliyobandika ukutani haitakusaidia mwezi ule, itoe tu, inawaaibisha watu walio na sababu.

Bei usiguse bila sababu. Ukipandishiwa na wa jumla pandisha na uhifadhi risiti, ila kupandisha kwa kuwa watu wameogopa kunakurudia. Mwezi huo wa Machi Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliiamuru supamaketi moja iwatafute wateja iliowauzia sanitaiza kwa bei ya kuruka iwarudishie pesa. Hao wana rekodi na mawakili, wewe una jirani mwenye simu ya kupiga picha. Jambo jingine la bei: tarehe 1 Aprili 2020 serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, watu wakaja dukani wakiuliza mbona unga haujashuka. Unga wa mahindi hautozwi VAT, kwa hivyo hakukuwa na cha kushuka, lakini sabuni na maji ya chupa vilitozwa. Amri ya kodi ikitoka, uliza wa jumla wako ni bidhaa gani zinaguswa, andika orodha fupi ubandike, itakuokolea mabishano mia mlangoni (na kila bishano ni dakika!).

Weka kikomo cha vitu mapema, siku ile ile ya tangazo. Pakiti mbili za unga kwa nyumba, sabuni tatu. Ukingoja mpaka rafu iwe tupu umeshachelewa, wenye gari wamebeba na wa kibarua amekuta karatasi ya "unga umekwisha".

Mzigo wa nyumbani

Watu wanafikiri delivari ni kitu cha aplikesheni. Duka la mtaani lina kijana mmoja na baiskeli, na hiyo inatosha. Oda zipokelewe mpaka saa sita mchana kwa ujumbe au WhatsApp, zifungwe mchana duka likiwa limelala, zipelekwe kabla ya jioni kwa njia moja, fleti kwa fleti, asiende na kurudi kama mpira. Mzigo unaachwa mlangoni, malipo yametangulia. Kila nyumba kumi zinazoletewa ni watu kumi ambao hawako kwenye kreti zako saa kumi na moja, kwa hivyo hata usitoze kitu, foleni iliyopungua ndiyo malipo yako. Kijana avae kitu kinachotambulika na awe na karatasi ya duka yenye namba yako, sababu atasimamishwa.

Askari na karatasi

Soma amri yenyewe, sio ile picha ya WhatsApp. Kafyu ya 2020 ilikuwa na orodha ya huduma muhimu na supamaketi zenye leseni pamoja na maduka ya dawa zilitajwa, lakini askari aliye kwenye giza la barabara hakuwa na orodha mkononi. Chapa ukurasa husika, weka nakala ya leseni ya kaunti, kitambulisho cha kila mfanyakazi, barua ya duka yenye masaa yake ya kazi. Barakoa isiyovaliwa ilikuwa na faini ya mpaka shilingi 20,000 ama miezi sita ndani, kwa hivyo weka za ziada chini ya kaunta za kumpa mteja aliyesahau, ni rahisi kuliko kugombana. Kanjo (askari wa kaunti) wakija waulize kwa adabu ni kifungu gani, andika jina na saa. Na funga angalau dakika thelathini kabla ya kafyu, usingoje dakika ya mwisho ukifukuzana na mteja mmoja wa mkate, aliyeumia kwa ajili ya kafyu hakuumia kwa corona lakini aliumia.

Cha kuwaambia wakubwa

Hii sehemu wenye maduka huiruka, wanasema siasa sio zetu. Lakini amri mbaya ndiyo inayokujazia mlango, na mwakilishi wadi anajua namba yako wakati wa kura. Nendeni kikundi, baraza la chifu au ofisi ya kaunti, na mwende na mifano.

La kwanza mwaambie wasipunguze masaa ya maduka ya chakula, waongeze. Kenya wenyewe waliona, kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku Juni 2020, mwisho wa Septemba ikawa saa tano. Ramadhani ya mwaka ule ilianza Aprili mwishoni kafyu ikiwa bado saa moja, na futari huku ni saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa hivyo kila mtu alitaka tende, viazi, nazi na unga wa ngano kati ya alasiri na magharibi, halafu Mei 6 Mji wa Kale ukafungiwa kabisa, hakuna kutoka wala kuingia, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Aliyepanga angeangalia kalenda angeona.

La pili, kugawa watu kwa siku ni mtego. Peru Aprili 2020 waliweka siku za wanaume na siku za wanawake kutoka nje. Siku za wanawake masoko yakafurika, kwa sababu kwenye nyumba nyingi mnunuzi ni mama, na amri haikumaliza hata wiki mbili ikafutwa. Panama wao walikomaa nayo zaidi. Kabla ya kugawa watu, uliza nani huenda sokoni.

La tatu, orodha ya "vitu muhimu" iwe fupi na mtu wa dukani awepo ikiandikwa. Afrika Kusini walipiga marufuku sigara tangu mwisho wa Machi mpaka Agosti 2020, zikauzwa kwa mlango wa nyuma kwa bei ya kufuru, na Mei wakatoa orodha ya nguo ambayo fulana ziliruhusiwa kama nguo za kuvaa ndani ya koti. Wales mwezi wa Oktoba supamaketi zilizungushia plastiki rafu za nguo na vyombo, mteja yuko ndani tayari na chupi anaiona lakini haiuzwi. Haimpunguzii mtu hata dakika moja dukani, inamwongezea ya kubishana.

Na soko la wazi wasilifunge, walitandaze. Mji wa Kalaw huko Myanmar waliwatoa wauza mboga sokoni wakawapanga barabarani kwa mistari, kila mmoja mbali na mwenzake, na kaunti zetu kadhaa zilihamishia masoko kwenye viwanja. Rwanda waliporudisha masoko waliruhusu nusu ya wauzaji kwa zamu, hapo kuna hesabu ingawa nusu nyingine inalala njaa siku yake, kwa hivyo zamu ikija na ushuru wa soko usamehewe siku ya kukaa nyumbani. Uganda Museveni aliwaambia wauza vyakula walale sokoni siku 14 wasirudi makwao, na wakinamama wakalala Nakasero chini ya vyandarua kati ya mafungu ya ndizi. Virusi havikupelekwa nyumbani labda, lakini aliyelala kwenye saruji ni muuzaji na sio aliyeandika amri, na kama mnaitwa kwenye kikao hilo mliseme kwanza: mkitaka tulale sokoni, vyoo, maji na mlinzi mnavileta lini?

Siku ya kufungua

Kafyu ya Kenya iliondolewa Oktoba 20, 2021, na jioni ile ile kreti zikarudi kubeba soda. Sio vyote vya kuondoa. Vifurushi vya robo viache, namba ya kulipia kwenye ukuta wa nje iache, oda za mchana za wazee ziache maana wamezizoea na wanalipa vizuri. Plastiki ya kaunta ishushe. Madeni yaliyobaki uyagawe kwa wiki, kidogo kidogo pamoja na manunuzi mapya, usimtoze mtu wa hoteli deni lote mwezi wa kwanza aliorudi kazini, atahamia duka la pili.

Sanitaiza na barakoa zilizobaki zihesabu mapema kabla bei haijaanguka, soma tarehe ya kuisha kwenye chupa, za karibu piga simu kwa wa jumla siku hiyo hiyo ujaribu kubadilishana na sabuni. Akikataa, shule na vinyozi ndio watakaonunua, nenda nao bei ya jumla.